Betri ya Gari na Terminali Zake: Somo la Ukinzani Mdogo

Usiku mmoja wa mwezi Julai, katika kijiji kimoja juu ya Marangu, majirani walimgongea mlango mwalimu mstaafu wakiomba awasaidie kumpeleka mama mjamzito hospitali mjini Moshi. Mwalimu huyo anayo pikapu, nayo ndiyo gari la wagonjwa la mtaa mzima. Alipofungua swichi, taa za mbele ziliwaka kwa mwanga mkali na honi ikalia kama kawaida. Lakini alipozungusha ufunguo ili kuwasha injini, ulisikika mlio mmoja tu, "tik", kisha kimya. Vijana walilisukuma gari mteremkoni hadi injini ikashika, na mama akafika hospitali salama.

Juma lililofuata mwalimu alinunua betri mpya. Gari liliwaka vizuri kwa majuma matatu, kisha ule mlio wa "tik" ukarudi. Nilipokwenda nyumbani likizo aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala hii: "Mwanangu, wewe uliyesomea fizikia hadi ng'ambo, nieleze. Taa zikiwaka, maana yake betri ina umeme. Sasa kama betri ina umeme, mbona starta haizunguki?"

Jibu halikuwa ndani ya betri. Lilikuwa kati ya nguzo ya betri na kile chuma kinachoikumbatia, mahali pembamba kuliko unene wa karatasi. Hapo ndipo betri nyingi nzima huhukumiwa kuwa zimekufa, na fedha za watu hupotea bure. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeijua Kanuni ya Ohm anaweza kuuzuia upotevu huo, mradi afahamu mahali pa kuitumia.

Kazi ya betri ya gari

Betri ya risasi ilibuniwa na mwanasayansi wa Kifaransa, Gaston Planté, mwaka 1859. Tangu wakati huo vifaa vingi vimebadilika, lakini kanuni yake ni ile ile. Betri ya volti 12 ina seli sita zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ina bamba za risasi na bamba za dioksidi ya risasi, zote zikiwa zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabadiliko ya kikemia ni haya:

Pb + PbO2 + 2H2SO4 → 2PbSO4 + 2H2O

Inapochajiwa, mabadiliko hayo hurudi kinyume. Seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1, kwa hiyo seli sita hutoa volti 12.6.

Juu ya betri mna nguzo mbili za risasi, chanya na hasi. Katika makala hii tutaziita nguzo. Vile vyuma vya kubana vilivyo mwishoni mwa nyaya nene, ambavyo huikumbatia nguzo na kukazwa kwa nati, tutaviita terminali. Terminali chanya hupeleka umeme kwenye starta. Terminali hasi, katika magari karibu yote ya siku hizi, huungwa na bodi ya gari na injini.

Zamani dereva aliwasha injini kwa kuizungusha kwa hendeli, kazi iliyowavunja wengi mikono. Starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa Marekani ilianza kuwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo betri ikabebeshwa mzigo mzito kuliko mizigo yake mingine yote. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hutumia jumla ya ampea 9 hivi. Starta ya gari dogo, inapoanza kuuzungusha mtambo uliosimama, huvuta ampea 180 hivi, na ya gari la dizeli huvuta zaidi ya hapo. Msomaji aziweke akilini namba hizi mbili, 9 na 180, kwa kuwa ndizo zitakazotupatia jibu.

Hesabu ya terminali chafu

Tuchukue betri nzima yenye volti 12.6 na ukinzani wa ndani wa omu 0.01. Tuchukue starta ambayo, kwa nukta ile ya kuanza kuzunguka, ina ukinzani wa omu 0.06. Ikiwa terminali ni safi na zimekazwa vema, ukinzani wake ni mdogo hata tunaweza kuuacha. Basi:

Mkondo = 12.6 ÷ (0.01 + 0.06) = ampea 180

Nguvu inayoifikia starta = 180 × 180 × 0.06 = wati 1,944

Sasa tuseme kati ya nguzo na terminali pameingia uchafu wenye ukinzani wa omu 0.03 tu. Mita za kawaida za shuleni haziwezi hata kuupima ukinzani mdogo namna hiyo. Tazama unavyofanya:

Mkondo = 12.6 ÷ (0.01 + 0.06 + 0.03) = ampea 126

Nguvu inayoifikia starta = 126 × 126 × 0.06 = wati 953

Nguvu ya starta imepungua hata chini ya nusu. Volti zinazopotea kwenye uchafu ule ni 126 × 0.03, yaani 3.78, na joto linalozalishwa pale ni wati 476, karibu nusu ya joto la pasi ya umeme ya wati 1,000. Ndiyo maana terminali mbovu huwa ya moto ukiigusa baada ya kujaribu kuwasha gari mara kadhaa.

Je, taa zinaathirikaje? Ampea 9 zikipita katika omu 0.03 hupoteza volti 0.27 tu. Jicho la mwanadamu haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Basi hili ndilo jibu la swali la mwalimu: taa huomba kidogo, na mlango mwembamba huwatosha waombao kidogo. Starta huomba mkondo mara ishirini ya ule wa taa, na hapo ndipo wembamba wa mlango hujulikana. Ule mlio wa "tik" ni wa swichi ya sumaku iliyo juu ya starta. Swichi hiyo huhitaji ampea chache, kwa hiyo hujifunga. Lakini mkondo mkubwa unapotakiwa kupita, volti huporomoka.

Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba njia ya umeme ni nzima, na starta kugoma si ushahidi kwamba betri imekufa.

Unga mweupe na unga wa buluu

Uchafu huo hutoka wapi? Betri inapochajiwa, hasa ikichajiwa kupita kiasi, maji yake hugawanyika kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo hutoka na ukungu wa asidi kupitia matundu ya vifuniko, au kupitia ufa mwembamba kuzunguka shina la nguzo. Asidi hiyo hula metali iliyo karibu. Ikila risasi, huacha salfeti ya risasi, unga mweupe usiopitisha umeme vema. Ikila waya au terminali yenye shaba, huacha salfeti ya shaba, unga wa rangi ya buluu na kijani. Huu si mgeni kwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro: ni mrututu, ambao tangu zamani umetumiwa kutengenezea dawa za ukungu wa mimea.

Dawa ya uchafu huu iko jikoni. Asidi huzimuliwa na besi, na magadi ambayo akina mama hutumia kulainisha maharage na makande yana kaboneti ya sodiamu:

Na2CO3 + H2SO4 → Na2SO4 + H2O + CO2

Povu unaloliona ukimwagia magadi yaliyoyeyushwa ni gesi ya dioksidi ya kaboni. Povu likikoma, asidi imekwisha. Vifuniko vya seli sharti viwe vimefungwa barabara, kwa maana magadi yakiingia ndani yatazimua asidi ambayo betri inaihitaji. Kisha suuza kwa maji safi, kausha, na ukwangue nguzo na upande wa ndani wa terminali kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae. Ukishakaza terminali, paka grisi juu yake ili unyevu na ukungu wa asidi usipate njia. Anayeisugua terminali kwa nje tu hajafanya kitu. Umeme hupita pale metali mbili zinapogusana, ndani.

Joto la mjini na baridi ya mlimani

Madereva wengi wa mlimani husema kuwa baridi ndiyo inayoua betri. Usemi huo una nusu ya ukweli. Mji wa Moshi uko kati ya meta 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Chini ya boneti joto huwa kubwa zaidi. Joto huharakisha mabadiliko ya kikemia: maji hupungua, na vyuma vya ndani vya bamba huliwa upesi. Hapo ndipo betri huzeeka.

Ukipanda kupitia Himo hadi lango la Marangu, lililo zaidi ya meta 1,800, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000. Asubuhi ya Julai, oili ya injini ni nzito, starta huhitaji nguvu zaidi, na betri yenyewe hutoa umeme kwa uvivu. Basi joto la tambarare hudhoofisha, na baridi ya mlimani hufichua udhaifu uliokwisha kuwapo, uwe wa betri au wa terminali.

Tena mlima una hila yake nyingine. Watu wa huku wana desturi ya kuegesha gari likitazama mteremko, ili likigoma lisukumwe. Mteremko umekuwa starta ya pili. Ni msaada mkubwa, lakini huuficha ugonjwa hata ukakomaa. Na siku gari litakapogoma likiwa limeegeshwa mahali tambarare, usiku, na mgonjwa akiwa ndani, mteremko hautakuwapo.

Kupima kabla ya kununua

Chombo kinachohitajika ni voltimita ya kawaida ya shule. Kwanza hakikisha gia iko katika hali ya wazi na breki ya mkono imevutwa, na kwenye mteremko weka mawe chini ya magurudumu. Kisha fuata hatua hizi.

1. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, pima volti za betri. Volti 12.6 au zaidi huonyesha betri iliyojaa, 12.2 ni nusu hivi; chini ya 12.0 betri imekwisha chaji. Ikiwa iko chini, ichajiwe kwanza. Betri yenye njaa haipimwi nguvu.

2. Gusisha ncha moja ya mita katikati ya nguzo chanya, na ncha nyingine kwenye terminali inayoikumbatia nguzo hiyo hiyo. Mita itasoma sifuri. Sasa mwenzako azungushe ufunguo wa kuwasha gari. Kiungo kizuri hakitazidi volti 0.1 hivi. Kikizidi 0.2, fungua na usafishe.

3. Fanya vivyo hivyo kwa nguzo hasi, kisha kati ya nguzo hasi na chuma cha injini. Waya unaounga betri na bodi husahauliwa mara nyingi, nao hupata kutu.

4. Mwisho, pima kati ya nguzo mbili zenyewe wakati starta ikifanya kazi. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya volti 9.6 katika hali ya hewa ya kawaida, ni dhaifu kweli. Ikibaki juu ya 10 na starta bado inagoma, betri haina hatia.

Tulipoipima pikapu ya mwalimu, mita ilisoma volti 3 na ushei kwenye kiungo chanya. Tulipofungua tukaona msumari. Magari mengi yatokayo Japani hutumia betri za nguzo nyembamba, zenye kipenyo cha milimeta 14.7 kwa chanya na 13.0 kwa hasi, wakati nguzo nene zina milimeta 19.5 na 17.9. Betri mpya ilikuwa ya nguzo nyembamba na terminali za gari zilikuwa pana. Fundi akajaza nafasi kwa msumari. Kwa majuma matatu msumari ulipitisha umeme, kisha kutu ikaingia. Dawa yake ni kuvisha nguzo kikombe cha risasi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au kubadilisha terminali. Ile betri ya zamani, iliyokuwa imetupwa katika banda la kuku, tuliichaji na kuipima. Ilikuwa nzima. Kosa lake la kwanza lilikuwa unga mweupe tu.

Kubadilisha betri kwa usalama

Ikiwa vipimo vimeonyesha kuwa betri imekwisha kweli, ibadilishwe kwa utaratibu. Zima injini na kila kitu kinachotumia umeme. Vua pete na saa ya mkononi. Usivute sigara wala kumulika kwa koroboi: haidrojeni hulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, na cheche moja hutosha kuipasua betri na kurusha asidi usoni.

Fungua terminali hasi kwanza. Sababu yake ni hii. Bodi yote ya gari imeungwa na nguzo hasi. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bodi, umeifunga sakiti kwa kipande cha chuma kisicho na ukinzani wowote wa maana. Mamia ya ampea yatapita, na spana itakuwa nyekundu mkononi mwako. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu, kwa kuwa pande zote mbili ni zile zile. Hasi ikishatengwa, chanya haina njia ya kurudia. Wakati wa kufunga, chanya hutangulia na hasi huja mwisho. Katika magari machache ya kale ambayo chanya ndiyo iliyoungwa na bodi, kanuni hubaki ile ile: iliyoungwa na bodi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho.

Terminali isipotoka, ipanue kwa upole. Usiigonge kwa nyundo, maana shina la nguzo litapasuka na asidi itapata njia ya kupanda. Iinue betri ikiwa wima. Uzito wake waweza kupita kilo 15. Betri mpya ifungwe kwa kishikio chake, kwani mtikisiko wa barabara za mlimani huvunja bamba. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na mengine yana redio zenye namba za siri. Soma kitabu cha gari kabla ya kukata umeme.

Kuna jambo moja la lugha ambalo limewaumiza wengi. Madukani jina "maji ya betri" huitwa maji yaliyokenekwa na pia asidi. Betri iliyopungua maji huongezwa maji yaliyokenekwa peke yake, kwa kuwa kinachopotea ni maji, si asidi. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia jichoni, osha kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Betri kuukuu

Betri iliyokufa bado ina kilo kadhaa za risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto kwanza. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi wa jirani hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wananchi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kwetu mlimani hatari ina njia yake. Mifereji ya asili, iitwayo mifongo, hupita kihamba hadi kihamba. Kitakachomwagwa na mtu wa juu kitafika kwa mtu wa chini. Usimwage asidi mferejini wala migombani, na usiyeyushe risasi nyumbani kutengenezea vyambo. Irudishe betri nzima kwa muuzaji anayezipokea, ili risasi yake itumike tena.

Maswali kwa wanafunzi

1. Ikiwa terminali ina ukinzani wa omu 0.02, na betri na starta ni zile za mfano wetu, tafuta mkondo na nguvu inayoifikia starta.

2. Unganisha balbu ya wati 21 na betri ya volti 12 kupitia waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa meta moja. Pima volti zinazopotea kwenye waya. Ongeza balbu ya pili sambamba na ya kwanza, upime tena. Eleza kwa nini upotevu umekaribia kuwa mara mbili, wakati waya ni ule ule.

3. Dereva anasema: "Tulipobadilisha betri gari liliwaka mara moja, kwa hiyo betri ya zamani ilikuwa mbovu." Taja jambo jingine lililobadilika siku hiyo pamoja na betri, na ueleze kipimo ambacho kingeonyesha lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kosa.